Mama asisubiri ruhusa: maneno kwa familia na viongozi wa Lokandu

Wazee wetu, mama zetu, makapita, nanyi wenyeji mliotugawia mashamba,

Tuseme jambo ambalo kwa kawaida husemwa matangani tu: vifo vya mama katika uzazi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2013-2014 ulikadiria vifo 846 vya wamama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini Kongo.

Wataalamu hutaja ucheleweshaji wa namna tatu: kuamua, kufika na kuhudumiwa. La tatu tutalipita haraka, maana funguo za dawa hatuzishiki sisi. Oksitosini ya kuzuia damu inahitaji baridi. Bila friji nguvu yake hupungua. Hilo tutaendelea kuwadai wakubwa.

Lakini kuamua ni kwetu. Katika familia zilizohama, mara nyingi baba yuko machimboni. Mama akishikwa na uchungu, nani atauza mbuzi? Nani atakodi pikipiki? Tunangoja ruhusa, na mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa kabla ya saa mbili kupita.

Na tukingoja, maneno mabaya huingia. Mama anaumwa kichwa sana, uso unavimba, macho yanaona ukungu, kisha degedege. Tunasema amelogwa, na kidole kinaelekea kwa jirani, hasa akiwa mgeni. Hiyo ni kifafa cha mimba, inatokana na presha, na ina sindano yake. Tukizika mtu kwa ugonjwa huo huku tukimshtaki jirani, wenyeji na waliohama hawatasalimiana tena kisimani. Vita vya 1998-2003 vilitutosha.

Kuhusu kufika, mnajua mto wetu. Lualaba inashuka kuelekea Ubundu. Anayepelekwa Kindu anapanda, maji yanamrudisha. Bila petroli ni kasia tu, na usiku watu wanaogopa. Wengi wetu hapa tumewahi kubeba tipoyi, tunajua mabega yanavyouma.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Mimba ikifika miezi minane, baba atoe ruhusa yake mapema mbele ya kapita, ili asitafutwe usiku. Mama aliyepasuliwa zamani, au mwenye mapacha, aende kukaa karibu na hospitali kabla ya siku zake. Petroli ya dharura itunzwe na mama wawili, mmoja mwenyeji na mmoja aliyehama. Asiye na franga alete kopo la mpunga, tutauza.

Tena kuwe na zamu ya wapiga kasia kila juma, bila kuuliza mtu ametoka kijiji gani. Majina yetu sisi wa kamati tumekwisha kuyaandika juu ya karatasi hii. Kalamu iko kwa kapita, na nafasi za juma la kwanza bado mbili.