KUMTOA MAJERUHI GARINI KUNATAKA MAFUNZO
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipokuwa kidato cha tatu, gari dogo la mizigo liliacha njia likaangukia mtaroni, si mbali na hapa. Sisi wavulana tulifika kabla ya mtu mwingine yeyote. Dereva alikuwa akiomba maji, na miguu yake ikichezacheza. Tukamshika mikono, tukamvuta kwa nguvu zetu zote. Tulipomlaza majanini miguu ile haikucheza tena, wala hakutembea tena maishani mwake. Huenda ni ajali iliyomvunja uti wa mgongo; huenda ni sisi. Kesho yake tulisifiwa kwenye paredi. Sifa ile imenikaa kooni kama mwiba wa mbasa.

Ndugu zangu, barabara yetu yateremka kutoka Tukuyu hadi tambarare ya Kyela na mpakani Kasumulu. Hupita humo mabasi, bodaboda, na malori ya shehena na mafuta yaendayo Malawi. Kazi ya uokoaji ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya sheria ya mwaka 2007, na namba yake ni 114. Lakini mashine za kukatia bati haziwezi kuwekwa kila kijiji. Anayefika kwanza ni jirani. Kwa hiyo hatuna budi kujifunza.

Kwanza, jilinde. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, watu walikimbilia kuchota mafuta ya lori lililopinduka. Moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Zuia watu na sigara, zima injini, tia mawe kwenye magurudumu.

Pili, mwulize majeruhi. Akiwa na fahamu, hakubanwa, na anaweza kusimama, mwache atoke mwenyewe polepole. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba shingo yake hutikisika kidogo zaidi hivyo kuliko akitolewa na wengine. Dereva wetu hatukumwuliza neno.

Tatu, asipoweza kutoka, mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisitikisike. Mwingine akandamize jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi. Mfunikeni, zungumzeni naye, mkisubiri wenye vifaa.

Nne, moto ukiwaka, au akiwa hapumui, msisubiri. Mpitishieni mikono chini ya makwapa, mtoeni akiwa amenyooka kama gogo. Hapo uhai hutangulia shingo.

Mimi ni mtumishi wa serikali, si daktari. Haya nimefundishwa ukubwani, na kusikia peke yake hakutoshi. Mikono nayo yataka mazoezi. Naomba basi chama chetu kinunue bodi la gari bovu, liwekwe nyuma ya karakana ya shule. Kila mwaka tuwaalike Zimamoto na wauguzi watufundishe, wazee kwa vijana, kumtoa mtu ndani yake. Mchango wa kwanza natoa leo.

Wadogo zangu, siku moja mtakuwa wa kwanza kufika. Nguvu mnazo, kama tulivyokuwa nazo sisi. Nataka muwe na kile tulichokosa.