Hodi Isiyoitikiwa: Viza, Mashine na Haki ya Kuambiwa Sababu



Profesa mpya huingia kwenye kiti chake kwa mhadhara, na mhadhara huo ndio hodi yake. Basi niruhusuni nianze na hodi yenyewe. Bibi yangu alinifunza adabu zake ningali mdogo. Bisha mara tatu. Usipoitikiwa, rudi ulikotoka bila kinyongo. Ukiulizwa “Nani?”, usijibu “Mimi”, maana kila mtu ni mimi. Taja jina lako. Naye mwenye nyumba ana adabu zake: akiwa hana nafasi, hutoka mlangoni na kusema, “Mwanangu, leo kuna mgonjwa, njoo kesho.” Hodi ina watu wawili, na kila mmoja ana wajibu wake.

Hoja yangu ya jioni hii ni fupi. Teknolojia ya mipakani imekuza mno wajibu wa mgeni kujitaja, na imemwondolea mwenyeji wajibu wa kuitika.

Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja, mwanafunzi wangu, alikubaliwa kuwasilisha utafiti ng’ambo. Alikuwa ameifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani. Akakusanya barua ya mwaliko, taarifa za benki za miezi sita, barua ya chuo na tiketi. Akalipa ada isiyorudishwa, akaweka vidole vyote kumi kwenye kioo. Baada ya wiki tatu pasipoti ilirudi na karatasi yenye visanduku, kimoja kimewekwa alama: kuna shaka kama ataondoka nchini viza ikiisha. Aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: “Profesa, hiyo shaka wameipata wapi?”

Nimelitafuta jibu tangu siku ile, na sehemu yake iko kwenye vile vidole kumi. Mwaka 1858 ofisa wa Kiingereza huko Bengal, William Herschel, alimtaka mkandarasi apige muhuri wa kiganja kwenye mkataba, asije akaukana. Baadaye, hukohuko India, Azizul Haque na Hem Chandra Bose walisaidia kubuni namna ya kuzipanga alama za vidole hata zikaweza kutafutwa kwenye makabati, ingawa mfumo ukabeba jina la mkuu wao, Edward Henry. Mwaka 1901 ulifika Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London. Kenya ilipata wake kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea abebe kipande chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi alizofanya. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Aliyeacha kazi bila ruhusa ya mwajiri alisakwa kwa kipande hicho. Mwanaharakati Harry Thuku alikipinga, na mwaka 1922 akakamatwa.

Kwa hiyo anayesema alama za vidole ni teknolojia mpya iliyotuletea tatizo jipya anakosea tarehe. Zilijaribiwa kwanza kwa watu wasiokuwa na uwezo wa kuuliza kwa nini. Kipya ni kasi, na hukumu inayotolewa kabla mtu hajatazamwa.

Tuchukue Uingereza. Kuanzia mwaka 2015 wizara yake ya mambo ya ndani ilitumia programu iliyoyagawa maombi ya viza katika rangi tatu: kijani, manjano na nyekundu. Uraia wa mwombaji ulikuwa mojawapo ya vigezo. Mwenye kijani alipita upesi. Mwenye nyekundu alichunguzwa kwa muda mrefu na kwa jicho kali, na uwezekano wa kukataliwa ukawa mkubwa. Kisha kukataliwa huko kukaingizwa kwenye hesabu kama ushahidi kwamba raia wa nchi ile ni wa kutiliwa shaka. Mashine ikawa inakula ilichokitapika. Mashirika mawili ya kutetea haki, JCWI na Foxglove, yalikwenda mahakamani, na Agosti 2020, kabla shauri halijasikilizwa, serikali ikaiweka kando programu hiyo.

Hapo ndipo nilipomwelewa binti yangu wa muhogo. Shaka ile haikutoka kwake. Ilitokana na watu wasiomjua, waliofanana naye kwa rangi ya jalada la pasipoti. Alitaja jina lake kama bibi alivyofunza, na mlango ukasikia jina la nchi.

Sisemi kwamba nchi haina haki ya kuuliza “Nani?” Nyumba isiyouliza haina mwenyewe. Wala sisemi kwamba binadamu ni bora kuliko mashine kila mara. Nimekutana na maofisa ambao ningefurahi kuwabadilisha kwa kikokotoo. Tofauti ninayoitafuta ni ya jibu. Nchi za Ulaya za eneo la Schengen, kwa sheria, hutoa sababu ya kukataa pamoja na haki ya kukata rufaa, hata kama sababu hiyo ni alama kwenye kisanduku. Marekani humchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kuwa mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo, na mwaka 2024 Mahakama yake ya Juu, katika shauri la Muñoz, ilisisitiza kwamba uamuzi wa ofisa wa ubalozi kwa kawaida hauchunguzwi na mahakama.

Haya yanageuka kuwa suala la maarifa pale tunapouliza ni nani wanaojadili teknolojia hizi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walizipima programu tatu za kibiashara zinazokisia jinsia ya mtu kwa sura yake. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Mwaka huohuo, na uliofuata, makumi ya watafiti Waafrika walioalikwa kwenye mkutano mkubwa wa akili mnemba nchini Canada walinyimwa viza. Upendeleo wa mashine ukajadiliwa huku viti vya wanaoujua kwa ngozi zao vikiwa vitupu. Lakini kazi yetu haizuiwi popote. Vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kuchuja matusi na ukatili ili ChatGPT izungumze kwa adabu. Jasho lao lilivuka mipaka yote bila muhuri.

Lakini mhadhara unaoishia kulaumu milango ya wengine ni mhadhara wa uvivu. Milango yetu nayo ina makosa yake. Huko Garissa na kaunti jirani, Wakenya wengi, baadhi yao wakiwa watoto wakati huo, waliandikishwa kambini kama wakimbizi nyakati za ukame ili familia ipate posho. Walipokwenda kuomba kitambulisho, vidole vyao vilionekana kwenye orodha ya wakimbizi, wakaambiwa si raia. Mama amesimama pale na kadi ya kliniki, mzee wa mtaa anamfahamu kijana tangu tumboni, lakini mfumo ukaaminiwa kuliko wote. Mwaka 2024 Kenya ilifuta viza, ikaweka kibali cha mtandaoni cha dola 30, na wageni wengi wakaona ni mbuzi yuleyule kwa kamba nyingine. Mwaka uliofuata ikawasamehe raia wa karibu Afrika nzima.

Ninachokidai, basi, kwa milango yao na yetu, ni mambo matatu. Aliyekataliwa aambiwe sababu inayomhusu yeye mwenyewe. Aambiwe kama mashine ilishiriki, na ilipima nini. Na awepo mtu mwenye jina na mamlaka anayeweza kusema, “Mfumo umekosea,” na neno lake likafuatwa.

Mwaka 2023 mkutano mwingine mkubwa wa akili mnemba, ICLR, ulifanyika Kigali, Rwanda, nchi iliyokwisha kuanza kutoa viza mlangoni kwa mataifa yote. Binti yangu wa muhogo alipanda basi hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Ofisa alitazama pasi, akamtazama usoni, akamuuliza anakwenda kufanya nini. Akajibu. Ofisa, ambaye mama yake alilima muhogo, akauliza tena: hiyo kompyuta inawezaje kuyajua majani? Naye akaeleza, akaeleza, mpaka foleni nyuma yake ikaanza kunung’unika.

Nami nimejitaja. Ahsanteni kwa kuniitikia.