Sindano ya Kupunguza Uzito: Wiki za Kwanza Zinakuwaje



Sindano za semaglutidi zilianza kama dawa ya kisukari. Marekani iliziidhinisha kwa kisukari mwaka 2017, na kwa kupunguza uzito mwaka 2021. Haziyeyushi mafuta, hata wauzaji waseme nini. Zinaiga homoni ya utumbo, chakula kikakaa tumboni muda mrefu zaidi na njaa ikapungua.

Mgonjwa hudungwa mara moja kwa wiki, chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono wa juu. Kwa kawaida huanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne. Kipimo hicho ni cha kuuzoesha mwili tu. Anayepanda mizani wiki ya tatu asione tofauti hana sababu ya kujiongezea dozi. Kinachoonekana mapema ni kichefuchefu, pengine kutapika, kuharisha au kukosa choo. Sahani ndogo ya pasta badala ya sinia, na mafuta kidogo, husaidia.

Jambo zito kwa Diff ni joto. Anayetapika na kuharisha hupoteza maji, na figo zinaweza kuumia. Anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa (chai ya sukari tele si badala yake). Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari mapema, hasa akiwa anatumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, maana sukari inaweza kushuka hadi akazimia.

Kalamu isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyosafiri kutwa nzima kwenye buti la gari bila barafu haiaminiki tena. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia, kwa hiyo inunuliwe kwa cheti cha daktari, katika duka la dawa lenye leseni.

Mjamzito haitumii, na anayetaka kushika mimba huiacha angalau miezi miwili kabla. Wengi wanaoiacha hurudisha sehemu kubwa ya uzito, hivyo gharama ipigiwe hesabu ya miaka, si ya mwezi.

Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni na yasiyotulia yanaweza kuwa uvimbe wa kongosho. Hapo sindano inasimamishwa na mgonjwa anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.