Somo la 12: Simu ni Mtumishi, Isiwe Bwana



Katika somo lililopita tulifundishana juu ya kiasi katika kula na kunywa. Leo tunaendelea na fadhila hiyohiyo ya kiasi, lakini tunaitazama katika kitu kidogo kinachoenea kiganjani, yaani simu.

Tufikiri nyumba moja usiku. Sala ya jioni imekwisha, taa imezimwa, watu wamelala. Lakini chini ya shuka la binti wa miaka 13 mna mwanga mdogo. Saa sita inapita, saa saba inapita. Binti anatazama picha za wenzake, anahesabu ni wangapi walioipenda picha yake, anaona ni wachache, anatazama tena. Asubuhi anaamka na macho mekundu. Mama akimwita, anajibu kwa hasira. Shuleni anasinzia. Baba anasema, "Mtoto huyu amekuwa mkaidi," anamnyang'anya simu na kumchapa. Je, baba ameuona moto, au ameona moshi tu? Hilo ndilo jambo la somo letu.

Swali la kwanza: Je, kila kijana atumiaye simu sana ameingia katika utumwa?

Jibu: Hapana. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2024 habari za uchunguzi mkubwa. Vijana karibu 280,000, wenye miaka 11, 13 na 15, waliulizwa katika nchi na majimbo 44 ya Ulaya, ya Asia ya Kati, na Kanada. Mwaka 2018, katika kila vijana 100, vijana 7 walikuwa na dalili za kutawaliwa na mitandao. Mwaka 2022 walikuwa 11. Wasichana walizidi wavulana: 13 kwa 9. Lakini uchunguzi uleule ulionyesha kwamba wako vijana watumiao mitandao sana bila kutawaliwa nayo, na hao walisema kwamba wanasaidiwa vema na rafiki zao. Basi wingi wa saa peke yake hautoshi kuhukumu. Mtu aweza kuwa na fedha nyingi asiwe mtumwa wa fedha.

Dalili za utumwa ni hizi. Kijana anataka kuacha, asiweze. Akikosa simu, moyo wake hautulii. Anaacha michezo, masomo na rafiki aliokuwa akiwapenda. Anadanganya juu ya saa alizotumia. Anaona hasara yake wazi, hata hivyo anarudia.

Hesabu hizo si za watoto wa Kongo. Lakini simu ni zilezile. Na kobalti ya Kolwezi imo ndani ya betri za simu nyingi za dunia. Kilichotoka katika udongo wetu kinarudi katika mikono ya watoto wetu, nasi yatupasa kujua namna ya kukipokea.

Swali la pili: Kwa nini kijana ashindwe kujizuia?

Jibu: Kwa sababu mbili. Ya kwanza imo ndani yake. Katika ubongo wa mtu, sehemu itamaniyo huamka mapema, na sehemu izuiayo hukomaa polepole, hata kupita miaka 20. Mtoto wa miaka 13 ni kama baiskeli yenye mwendo mkali ambayo breki zake hazijakazwa. Tena katika umri huo hofu yake kubwa ni kuchekwa au kutengwa na wenzake.

Sababu ya pili imo ndani ya simu. Kitabu kina ukurasa wa mwisho. Mchezo wa mpira una kipenga. Hata ngoma ya arusi hukoma alfajiri. Lakini mwaka 2006 fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho: kidole kinasukuma, na habari nyingine inafika. Baadaye yeye mwenyewe alijuta mbele ya watu. Basi tusimcheke mtoto ashindwaye na kitu kilichotengenezwa na watu wazima wenye akili ili asikiache.

Swali la tatu: Je, simu ndiyo iletayo huzuni?

Jibu: Wenye elimu wangali wanabishana, kwa maana njia ina pande mbili. Simu ya usiku huiba usingizi, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Akikosa usingizi siku nyingi, moyo wake hulegea na hasira huwa karibu. Lakini mara nyingine huzuni hutangulia. Kijana aliyefiwa, au anayedhihakiwa shuleni, au anayesikia baba na mama wakigombana kila siku, hukimbilia simu kama mtu akimbiliavyo pombe, apate kusahau. Ukimnyang'anya simu bila kumwuliza neno, umemwondolea maficho, na adui wake umemwacha palepale.

Swali la nne: Basi mzazi afanye nini?

Jibu: Ashike mambo manne.

Kwanza, simu zote za nyumba zilale mahali pamoja, mbali na vitanda, saa moja kabla ya kulala. Za baba na mama zitangulie. Mtoto hatatii amri ambayo mwenye kuitoa anaivunja mbele yake.

Pili, aulize kabla ya kuadhibu. Aseme, "Mwanangu, ni nini kikufanyacho ukeshe?" Kisha anyamaze, asikilize mpaka mwisho.

Tatu, saa zilizoachwa na simu zisibaki tupu. Mpira, kwaya, kazi ya jikoni na shamba, hadithi za bibi: kijana anahitaji mahali pengine pa kupendwa.

Nne, asiogope kuweka mpaka. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mataifa nayo yameweka mipaka. Ufaransa ilikataza simu katika shule za watoto kwa sheria ya mwaka 2018. Na Australia, tangu Desemba 2025, inakataza mitandao mikubwa kuwaandikisha watoto wasiofikia miaka 16. Lakini hakuna sheria ya serikali iwezayo kuketi kitandani pa mtoto saa saba ya usiku. Kazi hiyo ni ya mzazi.

Tena sikieni neno hili kwa makini. Kijana akikaa wiki mbili katika huzuni isiyomwacha, au akikataa chakula, au akijiumiza mwili, au akisema ya kuwa heri afe, msingoje. Msimwite mchawi, wala msiseme amerogwa, wala msimpige. Ni mgonjwa kama mgonjwa wa malaria. Asiachwe peke yake. Apelekwe upesi kwenye kituo cha afya. Hakuna aibu katika jambo hilo. Aibu ni kuchelewa.

Turudi sasa katika nyumba ile. Usiku mwingine baba anauona mwanga chini ya shuka. Mara hii haji na fimbo. Anaketi, anauliza, anangoja. Binti analia kwanza. Halafu anasema ya kuwa wenzake wa darasa wanapeana picha yake na kuicheka, naye anakesha ili aone wamesema nini. Baba hakuwa amejua neno hata moja la hayo. Sasa anajua, na kesho watakwenda pamoja kwa mwalimu.

Maswali ya kujiuliza jioni hii: Je, nani huamuru katika nyumba yangu, mimi au simu? Mtoto wangu alinieleza lini jambo la moyo wake? Nami nilikuwa nikimtazama yeye, au nilikuwa nikitazama simu yangu?

Neno la kushika: Kitumie kitu, kisikutumie.

Mpaka somo lijalo, kaeni na amani.