Muda wa Marejesho na Uhai wa Biashara Ndogo

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya Tanzania, ya mwaka 2003, inaitambua biashara ndogo kabisa kuwa ile yenye wafanyakazi wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, kipimo kinachowagusa mama lishe, fundi cherehani na mwenye genge. Ustawi wa biashara hizi hutegemea elimu ya mmiliki, kodi, umeme na mahali pa kuuzia; lakini lipo jambo lisilopewa uzito unaostahili, nalo ni uwiano kati ya muda wa marejesho ya mkopo na mzunguko wa mtaji, yaani muda unaopita tangu fedha itolewe kununua mzigo hadi irudi mkononi pamoja na faida.

Mama lishe anayenunua mchele alfajiri huipata fedha yake jioni, ilhali muuza vitenge huweza kungoja wiki kadhaa, hasa wateja wanapolipa kidogo kidogo. Mikopo iitwayo mitaani kausha damu, ambayo hutolewa upesi kwa riba kubwa na kudai marejesho ya kila siku au kila wiki, haitofautishi biashara hizo mbili. Muuza vitenge hulazimika kulipa rejesho kutoka katika mtaji wenyewe, kisha hukopa kwingine ili kuziba pengo, na hatimaye friji au kitanda alichoweka dhamana huchukuliwa, hata kama bidhaa yake ilikuwa na soko. Kumlaumu kwa kukosa nidhamu ya fedha ni kumdhulumu.

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo, uliositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, una manufaa makubwa; hata hivyo mikopo hiyo kwa kawaida hupitia vikundi, na aliyeishiwa bidhaa leo hawezi kusubiri kikundi kisajiliwe na maombi yahakikiwe. Katika pengo hilo ndimo kausha damu hupenya. Benki Kuu, inayowasimamia wakopeshaji hao chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, inapaswa kuwataka wapange marejesho kulingana na mzunguko wa biashara ya mkopaji.