Huruma Yataka Utaratibu: Watunza Paka wa Roma

Leo twapenda kuwaeleza habari za watu wanaowatunza paka wasio na wenyewe, nao hufanya kazi hiyo pasipo ujira. Huenda wengine wakacheka na kusema, "Paka naye ataka mtumishi?" Twawaomba wangoje kidogo, maana katika habari hii mna fundisho kwa kila mwenye huruma.

Katika mji wa Roma, nchi ya Italia, kuna uwanja uitwao Largo di Torre Argentina. Katika miaka ya 1920 nyumba za hapo zilibomolewa, na wachimbaji wakafukua magofu ya mahekalu manne ya kale, yaliyo chini sana kuliko njia za sasa. Hapo pia pana mabaki ya jumba alimouawa Julius Caesar, mwaka 44 K.K. Paka wa mji wakaona kwamba ni mahali pema pa kujificha, wakahamia. Wanawake wenye huruma wakawa wakiwapelekea chakula.

Je, chakula peke yake chatosha? Na tufanye hesabu. Paka jike huchukua mimba siku 65 hivi, naye aweza kuzaa kabla hajatimiza mwaka mmoja. Tuseme amezaa mara tatu kwa mwaka, kila mara watoto wanne: hao ni 12, na kabla mwaka haujaisha, majike katika wale wa kwanza nao wana mimba. Wakisongamana, maradhi huenea upesi, na watoto wengi hufa. Basi atoaye chakula tu, asifanye neno jingine, awaongeza wenye njaa ingawa moyo wake ni mwema.

Katika miaka ya 1990 wanawake wawili, Lia Dequel na Silvia Viviani, wakaanza kuitengeneza kazi hiyo kwa utaratibu, wakitumia chumba kama pango chini ya njia. Sheria ya Italia nambari 281 ya mwaka 1991 ilikuwa imekwisha kukataza kuwatesa paka waishio huru, tena iliagiza wahasiwe, kisha warudishwe mahali pao.

Kazi yenyewe ni hivi. Paka hunaswa kwa mtego wa tundu wenye chakula ndani, usiomdhuru. Daktari wa wanyama humpa dawa ya usingizi, akamhasi. Na angali amelala, hukatwa ncha ndogo ya sikio, iwe alama, asije akanaswa na kupasuliwa tena bure. Akipona hurudishwa. Kwa nini asiondolewe kabisa? Kwa sababu mahali penye chakula na maficho, wakiondolewa hawa, huja wengine wasiohasiwa, na kazi huanza upya.

Wenye kujitolea hufagia, huosha vyombo, hunywesha dawa, huandika daftari, na kuwatafutia wapole nyumba za kukaa. Mwaka 2012 wakuu wa mambo ya kale walitaka chumba chao kiondolewe, wakisema kwamba chaharibu magofu. Watunzaji hawakukata tamaa, wakakusanya sahihi za watu wengi, wakabaki. Mwaka 2023 magofu hayo yalifunguliwa kwa wageni, na paka wakaendelea kukaa humo.

Sasa tutazame kwetu. Wahenga walisema, "Paka akiondoka, panya hutawala." Kila mwenye ghala ya mahindi ajua maana yake. Lakini twaona watoto wa paka wakitiwa katika gunia na kutupwa porini, kana kwamba huo ndio utaratibu. Sivyo. Afadhali kufuga paka mmoja au wawili, kuwapa maji na chakula, na kumwuliza daktari wa mifugo habari za kuhasi na za chanjo ya kichaa cha mbwa, maana maradhi hayo huwapata paka pia. Nanyi wanafunzi, msimshike paka msiyemjua. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku ile ile.

Huruma ni mbegu njema, wasikilizaji. Lakini mbegu isiyopaliliwa haimshibishi mtu. Kwaherini.