Sikio linapovuma na dari inapozunguka

Nazungumza nawe kutoka Inver Grove Heights, mji ulio kando ya mto Mississippi, kusini mwa Saint Paul, katika jimbo la Minnesota. Usiku mmoja wa baridi kali niliamka nikaona dari inazunguka kama pia. Nilishika ukingo wa kitanda, nikatapika. Asubuhi nilimweleza daktari habari za kizunguzungu, nikapimwa shinikizo la damu, nikarejea nyumbani. Sikio langu la kushoto, lililokuwa likivuma kwa majuma kadhaa, sikulitaja. Marehemu bibi yangu alizoea kusema kuwa sikio likivuma, kuna anayekusengenya. Na mtu mzima hapeleki masengenyo kwa daktari.

Kumbe mambo hayo yalikuwa jirani. Ndani kabisa ya sikio mna kifereji kilichojipinda mfano wa konokono, kinachopokea sauti. Kimeungana na vifereji vitatu vya nusu duara, vinavyotuarifu kichwa kinapogeuka. Majimaji yaliyomo yanawasiliana, na habari zake hufika ubongoni kwa mshipa mmoja wa fahamu. Pakiharibika hapo, kusikia na kusimama wima huweza kuvurugika pamoja. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Prosper Ménière alieleza kuwa kizunguzungu cha namna hii asili yake ni sikio, wakati ambapo wengi walikidhania kuwa maradhi ya ubongo. Ugonjwa mmojawapo wa aina hiyo ungali ukiitwa kwa jina lake.

Nasi tuliokulia Afrika Mashariki tulikuwa na fununu. Nani aliyemeza kwinini kwa ajili ya malaria asiyekumbuka masikio yakilia huku sakafu ikiyumba?

Nilipomwendea daktari mwingine na kuyataja yote mawili, alinipima usikivu, akaniagiza nipunguze chumvi. Akanionya pia: kizunguzungu kikiandamana na ulimi mzito, uso kupinda au mkono kulegea, huenda ni kiharusi; hapa Marekani hupigwa simu 911 saa ile ile. Na sikio likipoteza usikivu ghafla, matibabu hayangoji majuma. Siku za mwanzo ndizo zenye tija.

Siku hizi daftari liko kando ya kitanda. Naandika saa ya kila shambulio, limedumu kwa muda gani, na sikio lipi lilitangulia kuvuma.